Nimekwenda Kumwona Aida Verona, Nikakutana na Kismayu

Haya jamani, hamjambo huko? Tanga mpo? Leo msiniulize habari za viza. Jana usiku nimekwenda opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Ndiyo, mimi huyu huyu! Bibi ninayemtunza kila nikimchana nywele anaimba nyimbo za Verdi, mtunzi wa opera wa Kiitaliano, mpaka siku nikamuuliza, bibi, huo wimbo wa nini? Akanitazama kama nimemuuliza chumvi ni nini. Akanipa hela ya tiketi.

Hapa Verona, Italia, kuna kiwanja cha mawe cha tangu Warumi, kinaitwa Arena. Opera za kiangazi zilianza humo mwaka 1913, kwa hii hii niliyoiona: Aida. Sisi wa bei ya chini tunakaa juu kabisa kwenye ngazi za mawe. Jiwe limepigwa jua mchana kutwa, ukilikalia ni kama umekalia sufuria ya ubwabwa. Wenyeji wamekuja na mito yao. Mimi nimekuja na gauni.

Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, katekwa, anamtumikia binti wa Farao. Jemadari wa Misri, Radamès, kamwacha binti wa Farao anampenda mtumwa wake. Mnaosikiliza taarabu mshajua hapo hapakaliki. Naye jemadari ndiye anayetumwa kuwapiga Wahabeshi. Akarudi mshindi na matarumbeta marefu, yamenyooka kama fimbo, Verdi aliyatengenezesha kwa ajili ya onyesho hili. Nywele zilinisimama! Nikaikumbuka harusi ya Ngamiani. Halafu kwenye mateka wanaopitishwa, Aida anamwona baba yake.

Sasa, mtaambiwa ilitungwa kwa ajili ya kufungua Mfereji wa Suez. Si kweli. Mfereji ulifunguliwa 1869. Aida ilichezwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Ilichelewa kwa sababu mavazi na mapambo ya jukwaa yalikuwa Paris, na Paris imezingirwa na majeshi ya Wajerumani. Aliyeiagiza ni Khedive Ismail, mtawala wa Misri, kwa faranga 150,000. Verdi mwenyewe wala hakwenda.

Huyu Ismail ndiye aliyeninyima usingizi. Kalipia Wahabeshi wa jukwaani wafungwe kamba, miaka minne baadaye akapeleka jeshi la kweli Uhabeshi. Likapigwa Gundet 1875, likapigwa tena Gura 1876. Na mwaka huo huo wa 1875 meli zake zikatia nanga Barawa na Kismayu, Somalia ya leo, enzi hizo pwani ya Sultani Barghash wa Zanzibar! Waingereza wakambana, akaondoka. Nimesoma historia mpaka kidato cha nne, hilo sikuwahi kulisikia; nimekuja kulijulia Ulaya, kwa sababu ya muziki.

Si wote wanaoipenda lakini. Mwaka 1872 jamaa mmoja wa Reggio Emilia aliifuata Parma mara mbili, haikumwingia, akamwandikia Verdi amrudishie nauli, tiketi na chakula cha usiku. Verdi akaagiza alipwe. Chakula akakikata: si angekula kwao?

Mimi iliniingia kwenye sehemu ya tatu. Usiku, kando ya Nile, matarumbeta hakuna. Aida yuko peke yake anaimba kwamba nchi yake hataiona tena. Patria mia, nchi yangu. Kiitaliano changu ni cha sokoni na hospitali, ila hayo mawili ninayajua. Mnajua huu ni mwaka wangu wa ngapi sijarudi. Haya, tuendelee.

Mwisho, Radamès anazikwa hai kwa kutoa siri ya vita. Jukwaa limegawanywa, juu hekalu, chini kaburi. Kumbe Aida kashajificha humo kaburini anamngoja. Unategemea kishindo, lakini sauti zinazidi kushuka, zinashuka, mpaka unasikia mtu wa ngazi ya chini anavyovuta kamasi.

Nimerudi saa nane usiku, kiuno si changu. Asubuhi, kabla hata sijampa chai, bibi akaniuliza: "Ulilia wapi?" Hakuuliza kama nililia. Nikamwambia, Nile. Akatikisa kichwa, akasema yeye hulia kaburini.