Rufaa ni ya Saa Ile: Namna ya Kuijibu Ripoti ya Mkaguzi wa Jiko

Ndugu zangu wenye migahawa, wapishi wakuu, na ninyi mliotumwa na mabosi mje msikilize kisha mkawasimulie, karibuni.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa na mwaka wa tatu nikisimamia jiko. Mkaguzi akaingia saa saba mchana, wateja wamejaa, akafungua friji ya chini ya kaunta, akachomeka kipimajoto chake kwenye bakuli la nyama iliyopikwa. Kikasoma nyuzi 9. Akaandika. Mimi nikaanza kubishana palepale, mikono imejaa unga: friji inafunguliwa kila dakika, kwa nini hukuja asubuhi, mbona jirani humgusi. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikaishiwa pumzi. Halafu akaongeza mstari mmoja: msimamizi haonyeshi kuielewa hatari. Ule mstari wa pili ndio ulioniponza, na niliuandika mimi kwa mdomo wangu.

Basi mkaguzi akiwa bado jikoni, kazi yako ni kumfuata na daftari na simu. Akipiga picha, nawe piga, pembe ileile. Akipima, andika saa, chombo gani, na kipimajoto kilichomekwa wapi: kwenye nyama yenyewe, au kilining'inia kwenye hewa ya friji? Joto la hewa hupanda mlango ukifunguliwa na kushuka ukifungwa, lakini kiini cha nyama hakiyumbi upesi hivyo. Kama alipima hewa tu, hapo una hoja. Kama alipima kiini kama alivyofanya kwangu, kaa kimya. Na kuhusu sahihi: kwa kawaida unakiri kwamba umeipokea ripoti, lakini soma maneno yaliyo juu ya mstari kabla hujashika kalamu.

Jioni, jiko likishatulia, isome ripoti ukiwa na peni mbili. Kwa moja pigia mstari alichokiona, kwa nyingine alichokihukumu. "Kinyesi kibichi cha panya nyuma ya gunia la unga" ni alichokiona. "Udhibiti wa panya ni duni" ni hukumu. Kisha tafuta kifungu alichokitaja, ukakisome chenyewe, usitegemee ulichosikia kwa mwenzako. Sheria hazifanani. England chakula cha baridi kinatakiwa kisizidi nyuzi 8 za Selsiasi. Kanuni ya mfano ya Marekani, ile ambayo majimbo huiga, inataka kisizidi 5. Friji yenye nyama ya nyuzi 7 imepita huku na imeanguka kule. (Ile yangu ya 9 ilikuwa imeanguka kotekote, msinionee huruma.)

Sasa tufike kwenye jambo lililonileta hapa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anaandikiwa kasoro Jumatatu. Jumanne anaita fundi, Jumatano friji inagandisha hadi maji, Alhamisi anaandika rufaa: "Tumesharekebisha kila kitu, tunaomba mfute." Anakataliwa, analalamika kwamba kaonewa. Hakuonewa. Rufaa inauliza swali moja: saa ile mkaguzi aliposimama pale, hali ilikuwa kama alivyoandika, na alama alizotoa zinalingana na hali hiyo? Fundi wa Jumanne hawezi kuibadilisha Jumatatu.

Uingereza wamelitenganisha jambo hili vizuri, na hata ukiishi mbali na kule, mpangilio wao unasaidia kufikiri. Kule, ukiiacha Scotland, mgahawa hupewa daraja kuanzia 0 hadi 5, na mwenye mgahawa ana milango mitatu. Anayeona daraja halikuwa la haki kwa hali ya siku ile anakata rufaa ndani ya siku 21, zikihesabiwa pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Rufaa inaamuliwa na ofisa ambaye hakushiriki kutoa daraja lile. Anayekubali lakini amesharekebisha anaomba akaguliwe upya. Na asiyepinga ila ana jambo la kueleza wateja, tuseme siku ile bomba lilikuwa limepasuka, ana haki ya kuandika maelezo yake yakachapishwa kando ya daraja. Ukibisha hodi kwenye mlango usio wako unapoteza siku, na zile 21 hazikungoji.

Kabla ya kukata rufaa, piga hesabu. New York wanatumia alama za makosa: 0 hadi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B, 28 na kuendelea ni C. Mwenye alama 15 akifutiwa kosa moja la alama 2 kwenye baraza la kusikiliza mashauri, anarudi kwenye A. Huyo aende kupambana. Mwenye 24 akipigania kosa lilelile atabaki B, labda apunguziwe faini. Uingereza hesabu ni ya ujanja zaidi: wanapima utunzaji wa chakula, hali ya jengo, na imani yao kwa uongozi wa jiko, na eneo moja likiharibika vibaya linaburuta daraja lote hata kama mawili mengine yanang'aa. Pale kwenye imani ndipo midomo kama yangu inapoumia.

Ushahidi wenyewe ni makaratasi yaliyoandikwa kabla ya ukaguzi. Daftari la joto la kila siku, lenye wino tofauti, madoa ya mafuta na mwandiko wa watu wawili watatu, lina nguvu. Daftari safi lenye nyuzi 4, 4, 4, 4 kwa miezi mitatu, wino mmoja, mkono mmoja... naona watu wa nyuma wanacheka, mnajuana. Hilo usilipeleke. Mkaguzi ameshayaona mengi, na ukishanaswa kwa daftari la uongo, hata ukweli wako hautasikilizwa.

Na kama kosa ni lako, jibu lako lisiwe "tumewaonya wafanyakazi". Sentensi hiyo haijawahi kupoza friji. Mimi mara ya pili niliandika hivi: mpira wa mlango ulikuwa umepasuka upande wa bawaba, umebadilishwa, risiti hii hapa, nyama ile ilitupwa siku ileile, bakuli zenye kina kirefu zimeondolewa kwenye friji ya kaunta, joto linapimwa mara tatu kwa siku, na likizidi, mpishi wa zamu ana ruhusa ya kutupa bila kuniuliza. Chanzo, hatua, na nani anaangalia. Mkaguzi aliporudi hakunisemesha mimi, alimuuliza kijana wa zamu: ukikuta nyuzi 9 utafanyaje? Kijana akajibu, "Natupa, kisha naandika." Ripoti ile haikuwa na mstari wa pili.

Nimalizie na kipimajoto, maana nusu ya mabishano ya joto huzaliwa na chombo kibovu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, mimina maji yafike usawa wa barafu, koroga, subiri kidogo, tumbukiza ncha katikati isiguse glasi. Inatakiwa isome 0. Ikisoma 2, basi kila namba uliyoandika ilizidi kwa nyuzi mbili na huenda friji yako ilikuwa salama. Ikisoma hasi 2, yaani mbili chini ya sifuri, mambo ni kinyume, na heri ulijue wewe kabla ya mkaguzi. Andika tarehe ya jaribio kwenye daftari lilelile. Niliwaomba mje na vipimajoto vya jikoni kwenu, na barafu iko kwenye ndoo pale mezani. Sogeeni, tuanze na cha dada huyu wa mbele.