Kibla Imehamia Jikoni

RUKIA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Wiki hii simu yangu iliacha kuitikia vidole. Kioo kinawaka na ujumbe unaingia, lakini ukikigusa hakuna kinachotokea. Kwa kuwa fundi aliniambia nisubiri kioo kingine, niliamua kuzihamishia programu ninazozitegemea kwenye kompyuta yangu mpakato, ambayo inatumia Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux.

DEO: Hilo wanalijua, dada Rukia. Hakuna kipindi ambacho hukuwaambia.

RUKIA: Na nitawaambia tena. Nikasakinisha Waydroid, programu inayoendesha Android ndani ya kompyuta ya Linux.

DEO: Tuwaeleze kwanza inavyofanya kazi, ndipo tuingie kwenye masomo matatu ya leo. Emuleta, yaani kiigizaji cha simu, kama ile ya Android Studio ya watengenezaji wa programu, huunda mashine bandia yenye keneli yake yenyewe, yaani kiini cha mfumo. Waydroid, iliyotoka mwaka 2021, haifanyi hivyo. Huiweka Android, kwa hakika toleo huria liitwalo LineageOS, ndani ya kontena la LXC, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya Linux, na Android hiyo hutumia keneli ileile inayoendesha kompyuta yako. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana inadai keneli yenye Binder, njia ambayo sehemu za Android huitumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Aidha, madirisha yake huchorwa kupitia Wayland, njia mpya ya Linux ya kuonyesha madirisha, hivyo anayetumia X11, njia ya zamani, hulazimika kufungua kwanza programu ya Wayland kama Weston ndani ya X11.

RUKIA: Kwangu hayo yote yalikuwapo. Niliandika sudo dnf install waydroid, kisha sudo waydroid init -s GAPPS ili ije na huduma za Google, nikaiacha ipakue mfumo. Programu ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya nyakati za swala. Nyakati zilikuwa sawa, kwa sababu jina la Mombasa niliandika mwenyewe. Kisha nikafungua ukurasa wa kibla.

DEO: Kompyuta yako ina dira?

RUKIA: Haina. Mshale ulisimama wima, umeelekea juu ya skrini, umetulia kuliko nilivyowahi kuuona kwenye simu.

DEO: Na mgongo wa skrini ulikuwa umeelekea wapi?

RUKIA: Jikoni.

DEO: Kwa hiyo kibla ikawa jikoni.

RUKIA: Nikaigeuza kompyuta polepole. Kibla ikahamia kwenye friji, ikapita mlangoni, ikaishia kwa jirani. Programu haikutoa onyo lolote.

DEO: Jirani ameshaarifiwa kuhusu heshima hiyo?

RUKIA: Acha utani, kwani kuna jambo la kweli hapa. Makka iko karibu na longitudo 39.8 Mashariki, na Mombasa iko karibu na 39.7. Mtu wa Mombasa akielekea kaskazini, ameelekea kibla. Kwa hiyo pale mezani kwangu kuna namna moja ya kuiweka kompyuta ambapo programu ile inasema kweli kabisa.

DEO: Ipigie chaki hiyo sehemu. Nami huku Dar es Salaam, penye longitudo 39.3, nikiiweka meza yangu vilevile nitakuwa nimepotoka kidogo tu. Umegundua programu ya kibla isiyohitaji simu wala kompyuta, inahitaji meza.

RUKIA: Meza na chaki. Lakini nilikuwa nataka kufika kwenye hili: Android humruhusu mtengenezaji kuuliza kama kitambuzi cha sumaku kipo. Kikikosekana, hupewa jibu tupu, na ni juu yake kumwambia mtumiaji. Anaweza hata kutangaza mapema kwamba programu yake inadai dira, na Play Store isiitoe kwa kifaa kisicho nayo. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo.

DEO: Hapo nakubaliana nawe. Nisingependa mzee wa watu aswali akielekea friji.

RUKIA: Sasa linganisha na programu ya benki yangu. Nilikisajili kitambulisho cha Android yangu kwa Google, Play Store ikafunguka, nikaisakinisha. Ilipofunguka ilisema kifaa hiki si salama, ikajifunga. Iliyopaswa kukataa imekubali, na iliyopaswa kukubali imekataa.

DEO: Hapo ndipo tunapoachana. Benki inauliza kupitia Play Integrity, huduma ya Google ya kukagua vifaa, kama Android hiyo imeidhinishwa. Simu ina funguo zilizofungiwa ndani ya chipu zinazoweza kuthibitisha hivyo. Waydroid haina, na mwenye kompyuta anaweza kubadilisha chochote ndani ya kontena. Benki itajuaje kuwa ni wewe na si mwizi?

RUKIA: Itajua kwa nywila yangu na namba ya siri, kama inavyojua ninapoingia kwenye tovuti yake kwa kompyuta hiihii. Tovuti haiulizi chipu.

DEO: Tovuti ina mipaka yake ya kiasi cha kutuma.

RUKIA: Basi waweke mipaka hiyohiyo kwenye Waydroid, wasinifungie mlango. Akaunti ni yangu na mashine ni yangu.

DEO: Fedha zikiibwa, unaidai benki, huidai mashine.

RUKIA: Sikubali.

DEO: Nami sibadiliki. Sasa ulilipaje ada ya shule?

RUKIA: Kwa scrcpy, programu ya kuionyesha na kuiendesha simu kutoka kwenye kompyuta. Utatuzi wa USB, mpangilio unaoiruhusu kompyuta kuiamuru simu kupitia waya, ulikuwa umewashwa tangu zamani, nikachomeka waya, na kioo cha simu kikaonekana kwenye kompyuta. Nilipofungua programu ya benki, dirisha kwenye kompyuta likawa jeusi, kwa sababu programu hiyo inazuia kurasa zake zisinakiliwe. Lakini simu yenyewe ilikuwa bado inaonyesha kila kitu. Nikaongeza --mouse=uhid, ambayo huifanya simu ione kipanya halisi, na mshale ukajitokeza juu ya kioo cha simu. Nikawa nasogeza kipanya huku nikitazama simu, nikabonyeza tarakimu moja moja, na malipo yakapita.

DEO: Yamepita kwa sababu simu ilijithibitisha. Umenitetea mwenyewe.

RUKIA: Yamepita na utatuzi wa USB umewashwa, kompyuta ikibonyeza kila kitufe. Kama huo ndio usalama unaoutetea, mimi sioni Waydroid ina kosa gani zaidi.

DEO: Kuna benki ambazo programu zao hukataa pia pale utatuzi wa USB unapowashwa.

RUKIA: Basi hizo ni thabiti katika ukaidi wao.

DEO: Saa inanionyesha kwamba muda umekwisha, na somo la kwanza hatujaligusa. Tulitaka kueleza kwa nini programu zilizojengwa kwa prosesa za ARM pekee, zile za simu nyingi, hukataa kusakinishwa kwenye kompyuta za Intel na AMD hadi uongeze mfasiri kama libhoudini au libndk. Tulitaka pia kueleza madirisha mengi na kushirikisha mafaili.

RUKIA: Hayo yaende wiki ijayo. Wenye kadi za NVIDIA wajue tu kwamba kwa madereva rasmi ya kampuni hiyo, uchoraji wa Waydroid kwa kawaida huangukia kwenye prosesa, na kila kitu huwa kizito.

DEO: Na suala la benki tuliache hapo?

RUKIA: Mimi sijaliacha. Ni muda tu umekwisha.