Gigabaiti 32 Zisizo na Mwenyewe

Walio kule nyuma sogeeni mbele kidogo, projekta ya leo haina nguvu.

Hii ni seva ya hifadhidata ya PostgreSQL yenye kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 64. Imewashwa sasa hivi, hakuna mteja aliyeingia, na tayari amri ya `free -g`, inayoonyesha matumizi ya kumbukumbu, inasema zaidi ya gigabaiti 32 zimetumika. Fungua `top`, inayoorodhesha michakato (programu zinazoendeshwa), umtafute mlaji. Hayupo. Fundi akifika hapa huizima seva na kuiwasha tena. Ikirudi vile vile, anaandika barua ya kuomba RAM zaidi.

`top` huhesabu kwa mchakato, na kumbukumbu iliyofungwa si lazima iwe ya mchakato wowote. Iulizeni kerneli, kiini cha mfumo wa Linux: `grep Huge /proc/meminfo`. Someni nami. HugePages_Total 16384. HugePages_Free 16384. HugePages_Rsvd 0. Hugepagesize 2048 kB. Zidisheni: gigabaiti 32 kamili. Kurasa hizi kubwa, yaani vipande vya kumbukumbu vya megabaiti 2 kila kimoja, zimetengwa, hazihamishiki kwenye diski, na hakuna anayezitumia. Mmewahi kupanda matatu hapa stendi ya Kisumu mkadhani imejaa, kumbe nusu ya abiria wamelipwa wakae tu? Basi ndiyo hiyo.

Imekuwaje? shared_buffers, kumbukumbu ambamo PostgreSQL huweka data inayoitumia, iliwekwa 32GB, mtu akagawa kwa megabaiti 2, akapata 16384. Hesabu safi kabisa! Lakini PostgreSQL huomba pia nafasi ya bafa za WAL (daftari la mabadiliko), majedwali ya kufuli na mengineyo, yote kwa mkupuo mmoja. Ombi likazidi kidogo, kerneli ikakataa. Na mpangilio wa PostgreSQL uitwao huge_pages, usipoguswa, huwa `try`: ikikosa, inachukua kurasa za kawaida kimya kimya. Mchawi ni huyo `try`. Asubuhi seva inaruka. Bafa zikijaa kwenye nafasi iliyobaki, mchana inakimbilia swap, yaani diski inayoshikilia kilichokosa nafasi kwenye RAM.

Kuanzia toleo la 15 la PostgreSQL, simamisha hifadhidata, kisha `postgres -C shared_memory_size_in_huge_pages`. Idadi utakayopewa, iweke kwenye vm.nr_hugepages, mpangilio wa kerneli wa idadi ya kurasa kubwa, ukiongeza chache. Halafu huge_pages=on, ili ikikosa ikatae kuwaka. Mimi naipenda ikikataa.

Dada hapa anauliza: na kama HugePages_Total ni sifuri, na bado hesabu haifungi? Swali zuri. Kama ni mashine pepe ya VMware, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya seva mama, jaribu `vmware-toolbox-cmd stat balloon`. Ikitoa namba kubwa, seva mama imebanwa na inawanyang'anya RAM kupitia draiva iliyo ndani ya mashine yenu. Hapo msihangaike na PostgreSQL. Mwendeeni anayesimamia seva mama, awatengee kumbukumbu yenu yote.