Kumvisha mgonjwa vitambuzi kwa kipimo cha kutembea dakika sita

Karibuni. Leo tunamwandaa mgonjwa wa mazoezi tiba ya moyo na mapafu. Njia yetu ni korido iliyonyooka ya mita 30, koni moja kila mwisho.

Kwanza mkalishe kitini dakika 10 karibu na mstari wa kuanzia, kisha mpime shinikizo la damu. Mapigo yakipita 120 kwa dakika akiwa ametulia, au shinikizo la juu likipita 180, usianze. Mwite daktari.

Sasa mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo. Lowesha elektrodi zote mbili (sehemu zinazonasa umeme wa moyo) kwa maji au jeli, uupitishe chini kidogo ya misuli ya kifua, ubane kiasi cha kutoteleza anapovuta pumzi ndefu. Elektrodi kavu husomesha 80, halafu ghafla 190. Jasho likitoka hali hutulia, ila dakika za mwanzo umeshazipoteza.

Saa ya mkononi haitoshi hapa. Inasoma kwa mwanga, na mkono ukibembea inaweza kuhesabu hatua badala ya mapigo.

Kipima oksijeni ndicho kinachosumbua zaidi. Futa rangi ya kucha, pasha mikono moto kama ni baridi, na usikiweke kwenye mkono wenye kanda ya shinikizo. Bandika waya kwa plasta nyuma ya kiganja, mashine ikae kiunoni kwa mgonjwa. Anayeshikilia fremu ya kutembelea hukibana kidole, usomaji ukaharibika. Mwekee kitambuzi cha paji la uso kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Cha kidole hakihamishiwi huko. Kumbuka pia kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, kwa hiyo asilimia 90 ya kwenye skrini isikulaze usingizi.

Usianze bado! Shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo sekunde 30, zidisha mara mbili, kisha linganisha na mkanda na kipima oksijeni. Vikipishana sana, rekebisha sasa. Angalia na wimbi la mapigo kwenye skrini ya kipima oksijeni: likiwa dogo au limevurugika, tarakimu iliyo kando yake haina maana.

Linganisha saa za vifaa vyote, muulize alama yake ya kuhema kwenye kipimo cha Borg (mizani ambayo mgonjwa hutaja kwa namba jinsi anavyohema), mwanzishe. Tembea nyuma yake, usimpite, maana atafuata mwendo wako. Oksijeni ikishuka chini ya 80 na wimbi ni safi, msimamishe. Ikirudi 85 anaweza kuendelea, lakini saa ya kuhesabu haisimami. Maumivu ya kifua yanamaliza kipimo, hata tarakimu ziwe nzuri namna gani.

Andika oksijeni ya chini kabisa, siyo ya mwisho tu. Mgonjwa anayetumia dawa za kundi la beta-bloka mapigo yake hayapandi sana, basi alama ya Borg ipe uzito zaidi.

Kipimo cha pili kinasubiri angalau nusu saa. Vitambuzi vikae palepale.