Panga Likishainuliwa, Kesi Itangoja

Asalaam aleikum watu wangu wa Mombasa, wa Kisauni, Likoni, Majengo, na nyinyi wa Changamwe mnaodai nawasahau kila siku. Huku Leicester, Uingereza, nimevaa koti ndani ya nyumba, msinicheke.

Leo nina neno na wazee wetu. Kila nikipiga simu nyumbani nasikia wosia ule ule: vijana wa panga wakikutokea usiwaguse, ukimuumiza mmoja utafungwa wewe. Sawa, simu wape. Pesa wape. Simu hununuliwa. Lakini mtu ameshaipokea simu na bado anakuinulia panga, nawe mgongo uko ukutani, utafanya nini? Mimi nasema mpige. Kwa mchi, kwa kigoda, kwa mbuzi ya kukunia nazi, chochote mkono utakachokipata.

Na sheria haikukatazi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema mtu aliyetumia nguvu kujitetea, au kutetea mali, atahukumiwa kwa kanuni za kale za mahakama za Uingereza. Yaani mimi huku na mamangu kule Mlaleo, kipimo chetu karibu ni kimoja. Uliamini kweli kwamba unashambuliwa? Nguvu zako zililingana na hatari uliyoiona? Mwaka 1971 kesi ya Palmer ilitoka Jamaika ikafika kwa majaji wa rufaa London, nao wakakubali kwamba mtu anayeokoa roho yake hawezi kupima pigo lake sawasawa. Kesi nyingine ya Jamaika, ya Beckford, ikaongeza kwamba si lazima ungoje upigwe wewe kwanza. Na ukishajenga hoja ya kujitetea, ni juu ya mwendesha mashtaka kuivunja.

Sasa tusikilizane vizuri, maana najua wapo watakaokata kipande hiki wakirushe WhatsApp peke yake. Ruhusa hiyo huisha pale hatari inapoisha. Tony Martin, mkulima wa Norfolk huku Uingereza, aliingiliwa na wezi usiku mwaka 1999. Akafyatua bunduki, akamuua kijana wa miaka 16, risasi ya mgongoni. Baraza la raia walioketi kuamua kesi halikukubali kwamba alijitetea; akahukumiwa kwa mauaji. Rufaa ilishusha kosa likawa kuua bila kukusudia, tena kwa sababu ya hali yake ya akili. Mwaka 2013 Waingereza walimlegezea kidogo mwenye nyumba aliyevamiwa, lakini hiyo ni sheria ya bunge lao, msiitegemee Mombasa.

Kwa hivyo mwizi akitupa panga akakimbia, mwache aende. Na ile ya "mwizi! mwizi!", mtaa mzima na mawe na tairi, kijana keshalala chini hana hata kiatu? Hapo hakuna anayejitetea. Hayo ni mauaji, na nyote mliorusha mawe mwaweza kushtakiwa. Wallahi nikiona video hizo huzima simu.

Sitawadanganya kwamba hutalala seli. Waweza kulala. Ila Katiba, kifungu cha 49, inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa ni wikendi, na inakupa haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili. Kesi yaweza kuburuta, nauli, wakili, kazi kusimama. Gharama hiyo naijua, na bado naona ni nafuu kuliko sanda.

Kwa hivyo likikufika, wahi kituo cha polisi kabla ya ndugu za huyo mwizi. Chukua namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio, omba fomu ya P3 daktari aandike majeraha yako, na nguo zenye damu usizifue. Mama, najua unatazama. Ile kanga ya juzi uliyoifua ingekuwa ushahidi.