"Huyu Wanjiku ndiye mlalamishi?" Siku maprofesa wa Marekani walipoijadili BBI

Hamjambo nyote? Leo siko nyumbani, ndiyo maana mnanisikia kwa mwangwi. Niko kazini, watu wameshatoka, na nina kama dakika ishirini hivi kabla mlinzi hajaja kufunga. Ngojeni nigeuze kamera muone. Hivi viti arobaini na viwili nimevipanga mimi asubuhi, theluji ikiwa bado inanidondoka mabegani. Pale pembeni kuna sandwichi za bata mzinga zilizobaki. Za mboga huwa zinaisha kwanza, sijui kwa nini. Na hii biskuti hapa ni yangu, msiitazame.

Kwa wale wageni, mimi si mwanasheria. Majirani kule Likoni wakimuuliza mama, hujibu, "Binti yangu yuko chuo cha sheria Marekani," halafu ananyamaza hapo hapo. Hasemi uongo. Niko chuo cha sheria, nafunga nyaya. Maiki, projekta, kurekodi, na hii gundi nyeusi ya kubandika waya sakafuni watu wasije wakajikwaa. Mwaka wa tatu sasa. Na kwa sababu lazima nikae nyuma pale kwenye mashine ya sauti mpaka mwisho, nimesikiliza mijadala ya sheria mingi kuliko mawakili wengi ninaowajua.

Inakuwaje? Wakati wa chakula cha mchana maprofesa wanakutana hapa, na mmoja wao, au mgeni wa chuo kingine, analeta makala anayoiandika. Sikieni vizuri: anayoiandika. Haijaisha. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Kwetu mhadhara ni mtu aliyekwisha kufikiri, anakuja kutugawia. Hapa mtu anakuja na chungu kingali jikoni, wenziwe waonje, wamwambie chumvi haijakolea, na pengine hata nyama yenyewe haijaiva.

Rasimu inatumwa mapema, kurasa sitini, sabini, na nusu yake ni tanbihi. Inachukuliwa kwamba kila mtu ameisoma. Kwa hiyo mwenye makala anazungumza dakika kumi, kumi na tano, basi, muda uliobaki ni wa maswali. Na maswali yana adabu yake. Ukiinua kidole kimoja, una swali jipya, mwenyekiti anakuandika kwenye foleni. Ukiinua viwili, unataka kuongezea kwenye hoja ile ile inayozungumzwa, na unaruhusiwa kuruka foleni. Mara ya kwanza nilipoona profesa mzima wa mvi ananyoosha vidole viwili hewani, nilidhani anaomba sandwichi ya pili. Wallahi. Sasa nawaza, tungekuwa na utaratibu huu pale Bunge la Mwananchi, ule mjadala wa wananchi kwenye bustani ya Jeevanjee, Nairobi, mchana mmoja ungetosha kumaliza mambo ya mwezi.

Jambo jingine: mtu akianza na "makala yako nimeipenda sana," jiandaeni. Mchinjo unafuata.

Halafu makala ikishatoka hapa inapelekwa kwenye majarida ya sheria, na majarida hayo mengi hapa Marekani yanahaririwa na wanafunzi. Ndiyo, wanafunzi. Harvard Law Review inaendeshwa hivyo tangu 1887. Kila Februari na Agosti mtu aliyefundisha miaka thelathini anatuma kazi yake na kusubiri kijana wa mwaka wa pili au wa tatu aamue kama inafaa. Mimi naona ni kichekesho, lakini wao wamezoea, wanalalamika kila mwaka na kila mwaka wanatuma.

Haya. Leo sasa.

Nimewasha projekta, mgeni ameweka slaidi ya kwanza, na ninaona herufi tatu kubwa: BBI. Jamani, nilikaribia kung'oa waya. Nimesafiri kilomita zote hizi, nimekaa katika baridi hii, halafu BBI inanifuata mpaka kazini!

Kwa ndugu zangu wa Tanzania na Kongo ambao hawakuifuatilia: BBI ni Building Bridges Initiative, mpango wa Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kubadilisha katiba yetu ya Kenya ya 2010, pamoja na kuongeza maeneo bunge 70 kwa mpigo. Zikakusanywa sahihi za wananchi, kwa sababu kifungu cha 257 kinasema mwananchi anaweza kuanzisha mabadiliko akipata sahihi milioni moja. Wapigadebe wake wakatuambia reggae haizuiliki, yaani hakuna wa kuusimamisha mpango huo. Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu, majaji watano, ikaizima. Agosti, Mahakama ya Rufaa ikaizima tena. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaja na uamuzi wa namna yake, na huo ndio uliowakutanisha watu hapa leo.

Mzizi wa mjadala ni kitu kinachoitwa muundo msingi wa katiba. Yaani, je, kuna mambo ndani ya katiba ambayo huwezi kuyagusa hata ukiwa na kura zote zinazotakiwa? Mahakama Kuu ilisema msingi huo upo, na ukitaka kuuvunja lazima urudi kwa wananchi kwa hatua nne: uwafundishe, uwashirikishe, uitishe bunge maalumu la katiba, kisha kura ya maamuzi. Mahakama ya Juu, kwa majaji wengi, ikasema la, fundisho hilo halina nafasi Kenya, wala hizo hatua nne. Lakini papo hapo ikasema Rais hawezi kutumia njia ya sahihi za wananchi kuanzisha mabadiliko, na yale maeneo bunge 70 wananchi hawakushirikishwa. BBI ikafa vile vile.

Mgeni wetu anadai kwamba mahakama ililifukuza fundisho kwa mlango wa mbele na kulifungulia dirisha, jina limekwenda lakini kazi yake inafanywa na ushirikishwaji wa umma. Profesa mmoja mama mkali, huwa anakaa karibu na dirisha na hagusi chakula, akamwambia, "Makala yako nimeipenda sana." Nikajua tayari. Akamuuliza: kama kazi ni ile ile, mbona unatumia kurasa sitini kuomboleza jina? Kimya. Mgeni akanywa maji.

Lakini kilichonifanya niwashe kamera leo ni jambo mgeni alilolisimulia katikati. Alisema hoja hii ya muundo msingi haikuzaliwa mahakamani. Ilipata miguu kwenye mhadhara kama huu.

Mnaifuata? Mwaka 1965, mwezi wa Februari, Mjerumani anaitwa Dietrich Conrad, mwanasheria wa Taasisi ya Asia Kusini ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, alialikwa kuzungumza kwenye kitivo cha sheria cha Banaras, India, mji wa kando ya mto Ganges. Akawauliza Wahindi maswali yanayoonekana ya kitoto. Bunge lenu likipata theluthi mbili, linaweza kuigawa nchi vipande viwili? Linaweza kufuta kifungu cha 21, kile kinachomlinda mtu asinyang'anywe uhai wake bila kufuata sheria? Linaweza kuifuta katiba nzima na kumrudisha mfalme wa Kimughali, au taji la Uingereza?

Huyu hakuwa anacheza. Alitoka nchi ambayo mwaka 1933 bunge lake lilimkabidhi Hitler mamlaka ya kutunga sheria peke yake, kwa kura za theluthi mbili, vitisho vikiwa mlangoni lakini makaratasi yako sawasawa. Ndiyo maana katiba ya Ujerumani ya 1949, kifungu cha 79, iliyataja mambo ambayo hayabadilishwi kamwe, utu wa mwanadamu ukiwemo.

Karatasi ya mhadhara ule ikamfikia wakili mmoja, M. K. Nambyar, naye akaibeba mpaka Mahakama ya Juu ya India katika kesi ya Golaknath, 1967. Miaka sita baadaye, tarehe 24 Aprili 1973, kiongozi wa nyumba ya watawa kule Kerala, Kesavananda Bharati, aliyekuwa anapigania ardhi, akawa na jina lake juu ya hukumu iliyosema bunge linaweza kubadilisha katiba lakini si kuubomoa muundo wake msingi. Majaji 13. Saba kwa sita! Jaji mmoja angeamka vibaya siku hiyo, tusingekuwa na hadithi. Na hukumu hiyo ndiyo waliyoifungua majaji wetu Nairobi mwaka 2021.

Na imepita kwa majirani pia. Watanzania mnaikumbuka kesi ya Mchungaji Mtikila, ya mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama. Mahakama ya Rufani ilikataa hoja ya muundo msingi mwaka 2010, ikaona jambo hilo ni la Bunge. Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika, pale pale Arusha, na mwaka 2013 ikampa haki, kwa kutumia Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Mkiniuliza mimi fundi wa maiki, zile hatua nne naziona nzito mno, hata jambo jema lingekwama humo. Ila kwenye suala la Rais mahakama ilinikosha. Mtu mwenye polisi, mwenye magari ya serikali, mwenye redio na magazeti yakimfuata, aje apange foleni ya mwananchi wa kawaida ya kutia sahihi? Ah.

Sasa, kioja cha leo. Slaidi ya mwisho ilikuwa na neno moja, "Wanjiku," na mgeni alilitamka kama jina la dawa. Mzee mmoja, mtaalamu wa sheria za kodi, anayekuja nadhani kwa ajili ya biskuti, akainua kidole: "Samahani, huyu Wanjiku ndiye mlalamishi? Sikumwona kwenye rasimu."

Nilicheka. Kwa sauti. Na kwa bahati mbaya maiki ya nyuma ilikuwa wazi, kwa hiyo kicheko changu kikatoka kwenye spika nne. Chumba kizima kikageuka. Nilitamani nijifiche nyuma ya mashine. Halafu, sijui shetani gani alinipanda, mkono ukainuka. Vidole viwili.

Mwenyekiti akanitazama, akaitazama orodha yake, akasema, "Karibu."

Nikawaambia Wanjiku hakushtaki mtu. Wanjiku ni mama anayeuza sukuma wiki, ndiye sisi tunayemtaja tukiuliza kama katiba inamjua mtu wa chini. Mkimwandika kwenye slaidi bila kueleza, ni kama mmemwita mkutanoni mkamwacha nje ya mlango. Sauti ilikuwa inanitetemeka, na Kiingereza changu mnakijua. Yule mama wa dirishani akaandika kitu kwenye ukingo wa rasimu yake. Mgeni akasema asante, ataongeza tanbihi.

Walipotoka akaja hapa mezani, akaniomba jina langu, maana desturi yao ni kwamba tanbihi ya kwanza kabisa ni ya kuwashukuru waliosaidia. Jina langu mnalijua lilivyo refu. Nikamtajia herufi moja moja, nikamwona anavyoandika kwa penseli, na la ukoo amelikosea. Sikumsahihisha, nilikuwa nimeshaona haya ya kutosha kwa siku moja. Mama, ukiiona hii, usiwaambie majirani mpaka makala itoke.

Nasikia funguo za mlinzi. Nina viti arobaini na viwili vya kukunja.