Kurudishiwa Mafao: Ford, Detroit na Miaka 14 ya Kusubiri

Ndugu Mwenyekiti, ndugu makatibu na viongozi wa matawi, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie mafao yanayokatwa uchumi unapoyumba, na namna yanavyorudi. Ningeweza kuzungumza kwa ujumla mpaka chakula kipoe, lakini naona nichukue mfano mmoja: kampuni za magari za Detroit, Marekani, na hasa Ford. Pale tunaona kilichokatwa, mwaka kila kimoja kiliporudi, na nani alianza kurudishiwa. Hilo la nani alianza ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Hali ilikuwaje? Mwaka 2007 Wamarekani walinunua magari mapya kama milioni 16. Mwaka 2009 hayakufika milioni 11. Ford ilipata hasara ya dola bilioni 14 na ushee kwa mwaka 2008 peke yake. Chrysler ilikwenda kwenye mahakama ya ufilisi tarehe 30 Aprili 2009, na General Motors, yaani GM, ikafuata Juni Mosi. Ford iliponea chupuchupu kwa sababu mwaka 2006, kabla benki hazijafunga milango, ilikuwa imekopa zaidi ya dola bilioni 23. Iliweka rehani viwanda vyake, hataza zake, na hata ile nembo ya bluu yenye jina la Ford. Ikumbukeni nembo hiyo.

Basi watu wakaambiwa wafunge mkanda. Wazee humu ndani wanayajua maneno hayo tangu baada ya vita vya Kagera, tulipoambiwa ni miezi 18 tu. Kule Ford hakuna aliyetaja miezi.

Ofisini, yaani wahandisi, wahasibu, watu wa mauzo, kampuni ilisitisha nyongeza za mshahara za utendaji, ikasitisha kuwalipia ada za masomo, na ikaacha kuchangia ile akiba ya uzeeni ambayo mwajiri huongezea kiasi juu ya anachoweka mfanyakazi. Kiwandani mambo yalipitia kwenye mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Machi 2009 wanachama walipiga kura wakakubali kuachia bonasi, kupunguziwa muda wa mapumziko, na kusimamishiwa nyongeza ya ughali wa maisha. Hii ya mwisho ilikuwa inaupandisha mshahara wenyewe kadiri bei za vitu zinavyopanda, bila mtu kwenda kubisha hodi kwa meneja.

Sasa angalieni mpangilio wa kurudi.

Mwaka 2009 Ford ikafunga hesabu na faida ya dola bilioni 2.7. Mwaka 2010 watu wa ofisini wakarudishiwa nyongeza zao, mchango wa akiba na ada za masomo. Kiwandani watu wakaanza kuulizana. UAW ikafungua malalamiko rasmi, ikisema makubaliano yaliahidi kwamba machungu yatabebwa kwa usawa, na kama ni usawa wakati wa kukatwa, basi uwe usawa pia wakati wa kurudishiwa. Machi 2011 zikatangazwa hisa walizopewa wakubwa. Za Mkurugenzi Mtendaji, Alan Mulally, zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 56. Mulally aliiokoa kampuni ile kwelikweli, simnyimi sifa. Lakini jiwekeni kwenye nafasi ya mtu anayefunga milango ya magari pale Dearborn aliyeisikia taarifa hiyo redioni.

Mwaka 2012 wenye hisa wakaanza tena kupata gawio, baada ya kulikosa tangu 2006. Aprili na Mei mwaka huohuo kampuni za kupima uwezo wa kulipa madeni zikaipandisha Ford daraja, na rehani ikafunguliwa. Ile nembo ya bluu ikarudi nyumbani.

Nyongeza ya ughali wa maisha kiwandani ilirudi mwaka 2023.

Kwa nini watu wa ofisini waanze? Jibu rahisi ni upendeleo, na mimi silikubali sana. Mafao ya ofisini yalikuwa mikononi mwa kampuni yenyewe: barua moja iliyaondoa, barua moja iliyarudisha. Tena mhandisi mzuri usipomrudishia, anahamia kwa jirani. Mafao ya kiwandani yalikuwa ndani ya mkataba, na kitu kikitoka kwenye mkataba hakirudi mpaka mkae mezani tena. Na mkataba ule uliposimamisha nyongeza haukuandika irudi lini. Haukusema irudi faida ikifika kiasi fulani, wala gawio likirudi. Kwa hiyo kila duru ya majadiliano, 2011, 2015, 2019, chama kililazimika kuidai kama kitu kipya kabisa, na kila mara kikaiacha ili kipate kingine.

Kampuni nayo ilikuwa na hoja yake. Ilisema: hatutaki gharama inayopanda yenyewe, tutawapa mgao wa faida kwenye miaka mizuri. Na waliutoa. Kwa mwaka 2010 mfanyakazi wa kiwandani Ford alipata wastani wa dola 5,000 hivi. Si hela ndogo. Ila mgao wa faida hauingii kwenye mshahara wa msingi, ukipita umepita.

Niwapeni hesabu yake. Kabla ya mtikisiko, fundi wa mstari wa kuunganisha magari aliyefika kiwango cha juu alilipwa kama dola 28 kwa saa. Mwaka 2023 alikuwa anapata kama dola 32. Bei za vitu Marekani katika kipindi hicho zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Piga hesabu mwenyewe.

Na huyo ndiye aliyebahatika. Tangu mkataba wa 2007 kulikuwa na daraja la pili: mtu mpya aliweza kuanza na dola 14 kwa saa, kazi ileile, bolti ileile, pembeni ya mwenzake anayelipwa mara mbili. Mkataba wa 2015 ukasema atafika juu baada ya miaka minane. Chini yake tena kulikuwa na vibarua. Mimi naona madaraja hayo yaliwaumiza zaidi ya makato yenyewe, maana yaliwagawa watu wanaokula meza moja ya kantini.

Jambo moja hunichekesha kidogo. Nyongeza ya ughali wa maisha haikuanza kwa mgomo. Mwaka 1948 aliyeipeleka mezani ni General Motors, chini ya bosi wake Charles Wilson. Alitaka mikataba mirefu na viwanda visivyosimama. Mwaka 1949 bei ziliposhuka kidogo, mishahara nayo ilishuka senti chache, na watu wakavumilia. Mwaka 1950 wakasaini mkataba wa miaka mitano. Kwa miongo kadhaa waajiri wenyewe waliona ni mpango wa kawaida.

Turudi 2023. Machi, UAW ikampata rais mpya, Shawn Fain, kwa kura za wanachama wenyewe moja kwa moja. Septemba 15, mikataba ilipoisha, mgomo ukaanza, lakini hawakutoka wote. Kiwanda kimoja cha kila kampuni: Wentzville cha GM, Toledo cha Stellantis, ambayo ndiyo inayomiliki Chrysler siku hizi, na Wayne cha Ford. Wengine wakaendelea na kazi wakisubiri wito, na kampuni hazikujua pigo lijalo linashukia wapi. Septemba 26 Rais Biden akasimama na wagomaji, jambo ambalo hakuna rais wa Marekani aliye madarakani aliyewahi kulifanya. Oktoba 11 wakaitwa watu 8,700 wa kiwanda cha malori cha Ford kule Kentucky, kile kinachoiingizia Ford fedha nyingi kuliko vyote. Wiki mbili baadaye Ford ikakubaliana nao.

Walipata nyongeza ya asilimia 25 mpaka 2028, asilimia 11 ikilipwa papo hapo. Nyongeza ya ughali wa maisha ikarudi. Miaka minane ya kufika kiwango cha juu ikawa mitatu. Novemba mwaka huohuo Toyota, Honda na Hyundai, ambazo viwanda vyao vya kule havikuwa na UAW, nazo zikatangaza nyongeza. Hakuna aliyezigomea.

Kisichorudi ni pensheni. Najua nikilitaja neno hilo hapa kila mtu anafikiria kikokotoo chetu cha mafao ya kustaafu, lakini vumilieni, bado tuko Michigan, jimbo la Detroit. Walioajiriwa baada ya mkataba wa 2007 hawana pensheni ya kiwango maalumu wala matibabu ya uzeeni. Walichopata 2023 ni mwajiri kuchangia asilimia 10 ya mshahara kwenye akiba yao. Ni afadhali, ila hatari ya soko imehamia mgongoni mwa mfanyakazi. Pale GM mkataba ulipita kwa asilimia 55 hivi tu.

Msije mkaondoka mkidhani watu wa ofisini ndio hushinda siku zote. Delphi ilikuwa idara ya vipuri ya GM, ikatengwa mwaka 1999 na kufilisika mwaka 2005. Mwaka 2009 mfuko wake wa pensheni ukachukuliwa na shirika la serikali la bima ya pensheni, ambalo hulipa kwa ukomo. Wastaafu wa viwandani walikuwa na ahadi ya maandishi kupitia chama chao kwamba GM itafidia kitakachopungua, na wakafidiwa. Wastaafu wa ofisini, kama 20,000, hawakuwa na chama wala karatasi. Wengine walipoteza sehemu kubwa ya pensheni. Wakashtaki, wakasubiri, na Januari 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri lao.

Kwa hiyo viongozi wa matawi, mkiombwa kusimamisha kitu, na mtaombwa, pigieni kura kwa moyo mkunjufu kama kampuni kweli inazama. Wale wa Ford hawakukosea kukubali mwaka 2009. Ila kifungu cha kusimamisha kiwe na sentensi ya pili inayotaja tarehe au kiasi cha faida. Na iandikwe siku hiyohiyo, wakati mwajiri bado anaihitaji saini yenu.

Mkataba wao wa sasa unaisha Aprili 30, 2028, kesho yake ikiwa Mei Mosi. Tarehe hiyo waliichagua kwa makusudi, na Fain amekuwa akiviomba vyama vingine vya Marekani vipange mikataba yao iishe siku hiyohiyo. Mwenyekiti, nimeona mkono ulionyooshwa kule nyuma tangu nilipotaja kikokotoo. Tuanze na huyo.